Zeituni na Mtoto Aliyekubali Kila Kitu

Kuna watu wanasema Zeituni ni mgumu. Wanasema ni afisa wa watoto ambaye anaweza kufika kwako asubuhi, akae, aongee na mtoto, na aende zake bila kuandika hata jina. Ni kweli. Haandiki kitu mpaka mtoto amkatalie kitu. Kitu chochote. Mtoto akisema hataki biskuti, Zeituni anatoa kalamu. Mtoto akikubali kila kitu, kalamu inabaki kwa mkoba na kesi inangoja. Wakubwa wake wanasema anachelewesha kazi. Hiyo pia ni kweli.

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa Matungu, kwa nyumba ya Waislamu waliokuwa wanauza mahindi, na kwa nyumba hiyo mtoto akijibu mbele ya wageni aliitwa mjuaji, na mjuaji alipewa chakula mwisho. Zeituni alikua akijua kunyamaza kuliko kitu kingine chochote. Akasoma, akaajiriwa ofisi moja ya watoto hapa kaunti, akapewa meza yenye mguu mmoja mfupi, na kwa miaka kadhaa alifanya kazi vile wenzake walikuwa wanaifanya. Unaenda kwa boma. Unakaribishwa. Unakula. Unamuuliza mtoto kama ako sawa, watu wazima wakiwa wamemzunguka. Mtoto anasema ako sawa. Unaandika ako sawa. Sheria inasema mtoto asikizwe, na si amesikizwa? Unarudi mjini kabla mvua ya saa tisa.

Halafu ikaja kesi ya Naliaka.

Naliaka alikuwa gredi ya sita. Mama yake alifariki, na tangu hapo alikuwa anakaa Khwisero na nyanya yake, yaani mama ya mama yake. Huku kwetu nyanya ni kukhu, na sisi pia tutamwita Kukhu. Baba, anaitwa Lusweti, ni mtu wa Kabras, anachomelea milango na madirisha karibu na Butali. Ameoa tena na ako na mtoto mchanga. Halewi, hapigi mtu. Alinunua kitanda cha msichana, akakiweka kwa chumba, akatandika shuka, kisha akaenda kortini kuomba mtoto wake. Wewe kama unataka baba mbaya kwa hii hadithi, tafuta hadithi ingine.

Hakimu akasema mtoto aulizwe anataka kukaa wapi. Afisa mmoja, Mathew, akaenda Khwisero, akamuuliza Naliaka kama anataka kukaa na kukhu wake. Naliaka akasema ndiyo. Mathew akaandika. Likizo ya Agosti Naliaka akaenda Butali kusalimia baba, na afisa wa huko, ambaye hakuwa anajua habari za Mathew, akamuuliza kama anataka kukaa na baba yake. Naliaka akasema ndiyo. Huyo pia akaandika.

Siku ya kesi hakimu alikuwa na ripoti mbili mbele yake. Alikuwa mama mtulivu wa miwani, hana haraka. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akarudia ya kwanza.

"Hawa ni watoto wawili?" akauliza.

"Ni mmoja, mheshimiwa," Mathew akajibu.

"Na anataka kukaa wapi?"

Mathew akafikiria. "Kote, mheshimiwa."

Hakimu akasema aende afisa mwingine. Akasema pia kwamba hii ni mara ya mwisho, kwamba akiletewa ripoti nyingine ya namna hiyo ataamua mwenyewe kwa yale ako nayo, na yale alikuwa nayo yalikuwa baba mwenye kazi na nyumba ya mabati mapya, na upande wa pili mwanamke mzee. Kila mtu mle ndani alielewa hesabu inaenda wapi. Ofisini, mkubwa wao Hezekiah akatafuta nani wa kutuma. Zeituni alikuwa ametoka kununua maji. Akapewa yeye.

Alifika Khwisero kwa boda, na Kukhu alikuwa amekaa mlangoni mahali kuna mwanga, nguo safi, kitambaa kichwani.

"Mulembe, madam," Kukhu akasema kabla Zeituni hajafungua mdomo. "Karibu. Ingia. Keti kile kiti kiko karibu na meza."

Viti vyote vilikuwa na vitambaa vya kushonwa kwa mkono. Naliaka akaleta maji ya kunawa, akainama vile wasichana hufundishwa kuinama. Kukhu mwenyewe akamimina chai, polepole, kidole kimoja kikiwa kimeshikilia ukingo wa kikombe kwa ndani. Zeituni aliona hicho kidole. Akasema kwa roho yake kwamba wazee ni wazee, akavuta chai. Ilikuwa moto na ilikuwa na tangawizi.

Halafu akaanza kazi.

"Naliaka, unasomanga vizuri?"

"Ndiyo, madam."

"Na hapa unakulanga vizuri?"

"Ndiyo, madam."

"Unapenda kukaa na Kukhu?"

"Ndiyo, madam."

"Na kukaa na baba, unapenda?"

"Ndiyo, madam."

Zeituni akaweka kikombe chini. "Ungependa nikuchukue ukakae na mimi kwangu mjini, Amalemba?"

"Ndiyo, madam."

"Kwangu ni chumba kimoja."

"Ndiyo, madam."

"Na kuna ng'ombe wawili wanalala hapo ndani."

"Ndiyo, madam."

"Ng'ombe Amalemba?" Kukhu akauliza.

"Hakuna ng'ombe, Kukhu. Nilikuwa nauliza tu."

"Sasa unadanganya mtoto wa watu?"

"Nilikuwa nataka kuona kama atakataa."

"Huyu hawezi kukataa mgeni," Kukhu akasema, na alisema kwa kujivunia. "Nimemlea. Hajibizani na watu wazima. Uliza shule, uliza kanisa."

Hapo ndipo Zeituni alielewa kitu ambacho ofisi nzima ingeweza kuelewa kama ingetaka. Huyu mtoto hakuwa anadanganya Mathew. Hakuwa anadanganya yule wa Butali. Alikuwa anakaribisha wageni. Mgeni akiuliza kama chai imetosha sukari unasema ndiyo, na mgeni akiuliza kama unataka kuhama pia unasema ndiyo, kwa sababu ni mgeni yuleyule na ni kiti kilekile. Sisi tunawalea watoto wasikatae wageni, halafu tunawatumia mgeni aje awaulize maswali, halafu tunaita hiyo kusikiza mtoto. Hata mtu ambaye hajasoma anaweza kuona hiyo haiwezi kufanya kazi. Labda waliosoma ndio hawaoni.

Kukhu akageuza uso kidogo. "Naliaka, enda ukamate ile jogoo nyekundu. Mgeni hawezi kwenda na njaa."

"Ndiyo, Kukhu," Naliaka akasema, akatoka.

Sasa, kuku wa mgeni ni nusu siku. Akamatwe, achinjwe, anyonyolewe, apikwe, na obusuma, yaani ugali, isongwe. Zeituni alikuwa na dawa ya hiyo, dawa ambayo haijawahi kumwangusha kwa nyumba za Wakristo.

"Kukhu, asante sana, lakini mimi ni Mwislamu. Kuku lazima achinjwe na Mwislamu."

"Najua," Kukhu akasema. "Niliposikia jina ni Zeituni nilituma mtu sokoni kwa Dauda. Ako njiani na kisu yake."

Zeituni hakuwa na dawa ya pili. Akasema anaenda kunawa mikono, akazunguka nyuma ya jikoni.

Alimpata Naliaka amesimama. Hakuwa anakimbiza kuku, hakuwa anaita kuku. Alikuwa amesimama tu, mikono mitupu, anaangalia ukuta. Hapo nyuma hakukuwa na jogoo nyekundu. Hakukuwa na jogoo ya rangi yoyote. Kulikuwa na kikapu kimoja kizee, na ndani yake kuku mmoja jike amelalia mayai, ametulia kama mtu ako kwa foleni ya benki.

"Jogoo iko wapi?" Zeituni akauliza.

"Ndiyo, madam."

"Naliaka. Hiyo si swali ya ndiyo. Iko wapi?"

Mtoto akaangalia chini. "Ilikuliwa na Mathew."

"Na zingine?"

"Chifu alikuja kuuliza mambo ya kesi. Na pasta alikuja kutuombea juu ya kesi. Na watu wa baba walikuja kuongea na Kukhu, hao walikula mbili."

Yaani boma ilikuwa na kuku mpaka siku serikali na ndugu walipoanza kujali maslahi ya mtoto. Zeituni hakusema hivyo. Wakati huo Dauda akatokea kwa kona, mwanaume mfupi wa kofia nyeupe, kisu imefungwa kwa gazeti.

"Asalamu aleikum," akasema.

"Waleikum salaam."

Dauda akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Nachinja nani?"

Zeituni akainama kwa kikapu. Mpaka leo hakumbuki kama alikuwa anataka kumjaribu mtoto ama alikuwa amechoka tu na anataka hii siku iishe. Akanyosha mkono kwa yule kuku wa mayai. "Basi tushike huyu."

"Hapana," Naliaka akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida. Kisha yeye mwenyewe akashtuka, akaziba mdomo na mkono, akamwangalia Zeituni kama mtu amevunja sahani ya wenyewe.

"Kwa nini hapana?" Zeituni akauliza, na mkono wake bado uko hewani.

"Karibu aangue vifaranga. Huyo ndiye amebaki."

"Lakini Kukhu amesema tukamate jogoo."

"Kukhu haoni."

Dauda akaanza kufungua na kufunga lile gazeti. Kuku akajipanga vizuri kwa mayai. Zeituni akakumbuka kile kidole kwa kikombe, na salamu iliyotoka kabla yeye hajasalimu, akajiona mjinga, na alikuwa sawa kujiona hivyo.

"Haoni kabisa?"

"Anaona mwanga. Anaona kama mtu amesimama. Hajui kuku wameisha, mimi nakamata yeyote na simwambiangi." Sasa maneno yalikuwa yanatoka yenyewe. "Watu wakikuja mimi naona kwanza, namwambia ni nani, ndio awasalimie. Hakuna mtu anajua. Usimwambie nimekuambia. Na usiandike, madam. Mathew alisema mtoto akikaa na mtu hawezi kumtunza, anatolewa."

"Sasa nani anatunza mwingine?"

"Ni yeye ananitunza," Naliaka akasema, na hapo alikuwa amekasirika. "Mimi naangalia tu."

Zeituni hakuahidi kitu. Alirudi ndani na kumwambia Kukhu kwamba amekumbuka amefunga, analipa siku zake za Ramadhani. Wanawake Waislamu hulipa hizo siku, hakuna mtu angebisha.

"Umefunga?" Kukhu akauliza.

"Nimefunga, Kukhu."

"Na chai umekunywa."

"Sikunywa. Nilikuwa napuliza tu."

"Nilisikia ukivuta."

"Nilikuwa napuliza kwa nguvu."

Dauda alikuwa amesimama mlangoni na kisu yake. "Mungu anajua," akasema, akaenda zake sokoni. Mpaka leo kuna Waislamu Khwisero wanaamini kuna afisa wa Matungu anayefunga na chai.

Wiki iliyofuata Zeituni alienda shuleni kwa Naliaka. Mwalimu aliwapa stoo ya vifaa vya michezo. Walikaa juu ya magunia ya mipira iliyoisha pumzi, mahali hakuna kiti cha mgeni na hakuna mtu wa kukaribishwa. Zeituni alikuwa na ripoti yake tayari, na alifanya kitu ambacho hakuna afisa wa ofisi yao alikuwa amewahi kufanya. Alimsomea mtoto.

"'Mtoto anaonekana kuwa na furaha,'" akasoma.

"Hapana."

"Huna furaha?"

"Niko nayo. Lakini haukuniuliza."

Zeituni akakata huo mstari. "'Nyanya ni mzee na hana uwezo wa kutosha.'"

"Toa hiyo."

"Niweke nini?"

Naliaka akafikiria. "Weka ananisukanga nywele. Na mistari haipindi."

Zeituni akaangalia kichwa cha mtoto. Mistari ilikuwa imenyooka kama imepigwa na rula. Akaandika. "'Baba hamtembelei mtoto mara kwa mara.'"

"Nani alisema?"

"Mathew aliandika hivyo."

"Baba anakujanga. Anakuja na mkate. Hakai sana, anaogopa Kukhu."

"Unampenda baba?"

"Ndiyo."

Zeituni akasimamisha kalamu. "Hiyo ni ndiyo gani?"

"Ya ukweli," Naliaka akasema. "Na kile kitanda ni kizuri. Na mtoto wa kwao anacheka nikimbeba. Lakini sitaki kwenda saa hii. Nikienda, nani atamwambia Kukhu ni nani anakuja?"

Basi ikawa ni hiyo peke yake. Mabaraza mangapi yamekaliwa juu ya huyu mtoto, na jibu lilikuwa la pumzi moja. Lakini pia ndilo jibu ambalo lingemtoa. Ukieleza kwa nini anataka kubaki, umesema Kukhu haoni. Ukisema Kukhu haoni, wakili wa baba hana haja ya kusema kitu kingine.

"Naliaka, mambo ya macho siwezi kuficha," Zeituni akasema. "Nikificha na wajue, watasema mimi na wewe ni waongo, na hakuna atakayetusikiza tena."

"Nikisema watanitoa?"

"Wanaweza."

Mtu mzima mwingine angesema usijali, kila kitu kitakuwa sawa. Zeituni aliacha hilo neno "wanaweza" likae hapo katikati ya magunia. Nje watoto walikuwa wanapigania kamba ya kuruka.

"Basi usiandike," Naliaka akasema mwisho. "Nitasema mwenyewe. Wewe ukiandika itakuwa Kukhu ni mtu mbaya. Mimi najua vile iko."

Kwa hivyo ripoti iliyofika kwa meza ya Hezekiah ilikuwa na mstari mmoja mwishoni: kuna jambo moja kubwa kuhusu hali ya nyumbani, ambalo mtoto ameomba alieleze mwenyewe mbele ya hakimu.

Hezekiah aliusoma huo mstari akiwa amesimama. "Zeituni, hii ni ripoti ama ni tangazo la redio?"

"Ni ripoti, bosi."

"Mahali pa mapendekezo hakuna mapendekezo."

"Mtoto ndiye atasema."

"Na akifika pale aanze kulia? Ama aseme ndiyo, ndiyo, vile anasemanga? Unajua hakimu atauliza nani alileta hii takataka. Atauliza mimi."

"Mwambie ni mimi."

"Hilo nilikuwa nimeshaamua," Hezekiah akasema, akaweka sahihi kwa herufi ndogo sana.

Siku ya kesi hakimu aliwaita kwa chumba chake, si kule mbele ya watu wote. Waliingia Lusweti na wakili wake, Kukhu na mkono wake juu ya bega la Naliaka, kama nyanya yeyote anayempenda mjukuu, na Zeituni nyuma yao. Hakimu alisoma ripoti, akavua miwani.

"Naliaka, umesema kuna kitu unataka kuniambia. Niwaambie watu wazima watoke nje?"

Zeituni alikuwa ameona hiyo inakuja. Swali zuri, la sheria, lenye huruma, na njia rahisi kabisa ya mtoto kusema ndiyo, mheshimiwa.

"Hapana," Naliaka akasema. "Kukhu akae. Sitaki aambiwe na watu."

"Na baba?"

"Baba pia akae. Ni yeye amenileta hapa."

Lusweti akaangalia viatu vyake.

"Sawa. Sema."

Naliaka alisema akiangalia meza. Alisema Kukhu haoni, ni kitambo. Alisema Kukhu anapika na hajawahi kuunguza, anamfulia, anamsuka, anamuamsha kwenda shule bila saa. Alisema yeye anaangalia nani anakuja, na anaangalia dawa ni gani, na wakienda kanisani anaangalia njia. Alisema hiyo si kazi ngumu. Alisema hataki kwenda Butali saa hii, atakwenda likizo, na hata atakwenda kabisa siku ingine, lakini si wakati Kukhu haoni. Alisema hakuna mtu amewahi kumpeleka Kukhu kwa daktari wa macho kwa sababu wote wawili waliogopa daktari atawaambia watu wa watoto.

"Mimi naona," Kukhu akasema.

Hakimu akamgeukia.

"Naona vizuri kabisa. Huyu ni mtoto, anaongea tu. Lusweti namuona pale. Amevaa shati nyeupe."

Shati ya Lusweti ilikuwa ya bluu, yenye mistari. Aliiangalia, kisha akamwangalia Kukhu, mwanamke ambaye kwa hiyo miaka yote alikuwa anamwogopa kwa sababu ya vile alikuwa anamkazia macho bila kupepesa. Wakili wake akafungua mdomo. Lusweti akamshika mkono.

"Ni nyeupe, mama," Lusweti akasema.

Hakimu akavaa miwani akaanza kuandika, na aliandika kwa muda mrefu, na kalamu yake ilikuwa inasikika. Akamuuliza Lusweti kama ako na la kusema. Lusweti akasema hana, ila kitanda kitabaki pale pale. Akamuuliza Zeituni kama ofisi inaweza kufuatilia mambo ya hospitali. Zeituni akasema inaweza, bila kumuuliza Hezekiah. Basi hakimu akasoma: mtoto abaki kwa nyanya yake kwa sasa, likizo zote aende kwa baba. Nyanya apelekwe kwa daktari wa macho mwezi huu, baba na ofisi wasaidiane. Warudi hapa mwaka mpya waseme imeenda vipi, na mtoto aulizwe tena, kwa sababu anaweza kubadilisha nia na hilo si kosa.

"Umeelewa, Naliaka?"

"Nimeelewa. Lakini si mwezi huu wote. Wiki ya mtihani sitaki kukosa shule."

"Basi wiki ya mtihani itoke," hakimu akasema, akaitoa.

Nje, kwa korido, Lusweti alimsimamisha Zeituni. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu amechoka ambaye ameomba ruhusa kazini.

"Madam, umemfundisha mtoto wangu kunikataa."

"Nilimfundisha kukataa," Zeituni akasema. "Alianza na mimi."

"Na mimi ningejuaje mama haoni? Nikifika kwa geti ananiita na jina."

"Mimi pia aliniita madam. Ni Naliaka alikuwa anamwambia."

Kukhu alikuwa amesimama pembeni. Naliaka alienda kwake akasimama mahali pake pa kawaida, bega tayari, vile walikuwa wanafanya kila siku ili watu wasijue. Kukhu hakuweka mkono.

"Umeniaibisha mbele ya mkwe," akasema.

"Pole, Kukhu."

"Mbele ya mkwe, Naliaka."

"Pole."

Kukhu akaanza kwenda peke yake, uso juu, akifuata mwanga wa mlango. Mbele ya mlango wa hiyo korti kuna ngazi, na hizo ngazi ni mbaya hata kwa mtu anayeona. Lusweti akachukua hatua. Zeituni pia. Naliaka alimfikia wa kwanza, na hakutoa bega. Alishika mkono wa Kukhu kabisa, mbele ya mawakili, askari na watu wote waliokuwa wamekaa pale kungoja kesi zao.

"Naijua hii ngazi," Kukhu akasema. "Niache."

"Hapana, Kukhu. Huijui. Weka mguu hapa."

Kukhu alisimama mpaka watu wa nyuma wakaanza kujipanga. Kisha akaweka mguu. Lusweti akaokota mkoba wa Kukhu uliokuwa umebaki kwa benchi, mkoba wa kike wenye maua, akauweka begani juu ya shati yake ya bluu, akawafuata nyuma polepole.